Jina Jipya, Shahada ya Zamani

Hapa Makole, Dodoma, ambako ofisi na makazi ya watu vimekaribiana, mstaafu afuatiliaye mafao yake huijua vyema adha ya herufi moja: Ally katika barua ya ajira, Ali katika kitambulisho, na katikati yake safari ya kwenda kwa wakili kula kiapo kwamba wawili hao ni mtu mmoja. Yule atakaye kuliacha kabisa jina la awali naye ana njia yake halali, maana huandika hati ya kubadili jina, akaitia saini na kuisajili kwa Msajili wa Hati, kisha tangazo lake likatoka katika Gazeti la Serikali kwa maneno makavu yasiyodadisi kisa wala sababu. Wala sisi si watu wa kushtushwa na majina mapya. Kambarage Nyerere wa Butiama alibatizwa Julius mwaka 1943, akiwa mtu mzima. Na skuli ya Alliance ya mji wetu huu iliitwa baadaye Mazengo, kwa taadhima ya mtemi wa Wagogo, hata majengo yake yakawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana mwaka 2007, na waliosoma humo zamani hawakuambiwa kwamba elimu yao imebatilika.

Iweje basi njia hiyo nyepesi iwe jabali kwa mtu aliyeandikwa mwanamume alipozaliwa, naye leo anaishi na kujulikana kuwa ni mwanamke? Taksiri, kwa maoni yangu, haimo katika hati ya jina, bali katika karatasi zilizoitangulia. Hati humbadili mtu kuanzia siku ile na kuendelea, ilhali mwajiri huanza kwa kuuliza ya nyuma: alisoma wapi, alifaulu vipi, na mbona shahada inataja mtu mwingine.

Mas'ala hayo yalifikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kenya na Audrey Mbugua, aliyefanya mtihani wa kidato cha nne katika Shule ya Upili ya Kiambu mwaka 2001 na kupata wastani wa A-, kwa jina alilopewa utotoni ambalo sina haja ya kulichapa hapa. Akiwa amekwisha kujitwalia jina jipya, aliliomba Baraza la Mitihani la Kenya limwandikie shahada upya na kuiondoa alama ya jinsia. Baraza likakataa, na miongoni mwa hoja zake ikawa hofu kwamba mlango huo ukifunguliwa watapenya humo na walaghai. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, kwani nani asiyejua habari za vyeti vya kughushi? Walakini mlaghai hujificha, naye huyu alikuja mahakamani hadharani, jina la zamani mkono mmoja na jipya mkono wa pili, akitaka yaunganishwe kwa amri ya jaji.

Jaji Weldon Korir alitoa hukumu tarehe 7 Oktoba 2014. Hakujitumbukiza katika bahari ya falsafa juu ya mume na mke. Alizifungua kanuni za Baraza lenyewe, akaona kwamba zinaliruhusu kuirudisha shahada na kuirekebisha, na kwamba hazilazimishi hata kidogo jinsia iandikwe juu yake. Alama za mtihani, alisema kwa maana hiyo, hazitolewi kwa kuangalia jinsia ya mtahiniwa, hivyo kuiondoa hakuipunguzii shahada thamani. Akaitaja na hadhi ya binadamu, ambayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inailinda, kisha akaamuru shahada mpya itolewe kwa jina la Audrey bila alama hiyo. Mimi huisifu hukumu hii kwa udogo wake: haikudai sheria mpya, ilidai tu ile iliyokuwapo isomwe.

Udogo huo ndio mpaka wake pia, maana haikuigusa daftari ya vizazi. Kwetu Tanzania cheti cha kuzaliwa hutaja jinsia, na hati ya kubadili jina haina nguvu juu ya neno hilo, hata ikitangazwa mara ngapi gazetini. Nchini Iran, ambako Ayatollah Khomeini alitoa fatwa ya kuruhusu upasuaji wa kubadili jinsia, jina na jinsia hubadilishwa katika vitambulisho. Lakini aghalabu ni baada ya kisu cha tabibu, sharti zito mno kulipia karatasi. Kati ya njia hizo mbili, ile ya Nairobi ndiyo iliyo karibu na mazoea yetu, kwa kuwa haimtaki mtu zaidi ya kile anachotakiwa mstaafu wa Makole, yaani ithibati kwamba yule wa jana ndiye huyu wa leo.