Je, Wajua? Ngumi, Bakora na Kiuno Kinachouma

Je, wajua kuwa asubuhi wewe ni mrefu kuliko jioni? Tofauti ni kama sentimita moja hadi mbili. Ukilala, diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hufyonza maji; mchana kutwa hukamuliwa. Zikiwa zimejaa, kuinama kwa nguvu huzibana zaidi. Kwa hiyo wewe unayeanza mateke mara tu utokapo kitandani, kunywa chai kwanza.

Je, wajua kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno? Hayo ni makadirio yanayotolewa na Shirika la Afya Duniani.

Je, wajua kuwa Bruce Lee naye alikuwa mgonjwa wa mgongo? Mwaka 1970 alijitwika chuma begani, akainama nacho bila kupasha mwili moto, akaumiza neva. Madaktari walimwambia asahau mateke. Alilala kitandani miezi kadhaa, na huko huko akajaza madaftari kwa mawazo yake kuhusu Jeet Kune Do, mtindo wake uliochanganya Wing Chun, ndondi na mchezo wa vitara. Kitabu kilichotokana na madaftari hayo kilitoka 1975, mwenyewe keshafariki. Na yale mateke ya filamu za The Big Boss na Enter the Dragon tuliyoyashangilia kwenye mabanda ya video? Yote aliyapiga baada ya kuumia.

Lakini Bruce Lee hakuwa wa kwanza kuchanganya mitindo. Edward Barton-Wright, mhandisi Mwingereza aliyezaliwa India na kufanya kazi Japani, alirudi London na mwaka 1898 akatangaza Bartitsu: jujitsu ya Kijapani, ndondi za Kiingereza, mateke ya Kifaransa na mapigano ya bakora, vyote katika chungu kimoja. Lengo lilikuwa muungwana aweze kurudi nyumbani usiku salama, mkononi ana fimbo yake ya kutembelea tu. (Watu wa Lamu hawatashangaa, wanaocheza kirumbizi wanajua fimbo inavyopiga na inavyokinga.) Klabu yake ya kuufundisha mtindo huo haikudumu. Arthur Conan Doyle alimpa Sherlock Holmes ujuzi huo katika hadithi ya mwaka 1903, tena akakosea tahajia, akaandika “baritsu”. Na Barton-Wright je? Aligeuka mtabibu wa viungo, akawatibu wenye baridi yabisi kwa joto na mwanga. Alifariki mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 90. Kwangu mimi, huyu ndiye mzee wa mada hii: alianza na kupiga, akamalizia na kupoza.

Je, wajua kuwa mwanafunzi wa judo hufundishwa kuanguka kabla ya kuangusha? Judo iliasisiwa na Jigoro Kano mwaka 1882. Kidevu kifuani, mgongo duara, mkono upige mkeka ili kishindo kisambae. Ujuzi huo hata bafuni penye utelezi unafaa. Ila kama kiuno kinauma sasa hivi, mwambie mwalimu mapema, usikubali kurushwa.

Je, wajua kuwa ngumi nzito huanzia unyayoni? Nguvu hupanda kwenye nyonga, kisha bega. Anayeganda miguu akazungusha kiuno peke yake hujiumiza kabla ya adui. Geuza unyayo.

Je, wajua kuwa Korogocho, Nairobi, bibi, wengine wakiwa wamepita miaka 70, hujifunza kujihami dhidi ya wabakaji? Kundi lao linaitwa Shosho Jikinge. Hupiga kelele, hulenga pua. Hakuna anayewadai teke la kichwani, na hapo kuna somo kwa wenye migongo mibovu: mengi ya kujihami ni sauti, kiganja na kukimbia mapema.

Na taichi, ile inayoonekana kama ngoma ya polepole, ni sanaa ya mapigano ya Wachina. Chuo cha Madaktari cha Marekani kiliiweka mwaka 2017 miongoni mwa tiba za kujaribiwa kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya kiuno.

La mwisho. Mguu ukilegea, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukikutoka bila hiari, vua mkanda wako, mweusi au mweupe, uende hospitali siku hiyo hiyo.