Ramani ya Ufipa inalipiwa mara ngapi?

Mkoani Rukwa taarifa za ramani zina wanunuzi wengi kuliko inavyodhaniwa. Mfanyabiashara wa mahindi anataka kujua kama njia ya kutoka Laela kwenda kijiji fulani inapitika kwa Fuso wakati wa masika. Muuzaji wa mbolea ya ruzuku anataka kujua wateja wake wamesambaa kata zipi. Mpima ardhi wa binafsi aliyepata kazi ya mpango wa matumizi ya ardhi anatafuta mpaka wa kijiji, na mhandisi wa maji anatafuta visima. Kila mmoja huanza upya, hulipia upya, na kazi ikiisha taarifa hubaki kwenye kompyuta yake.

Ufipa, uwanda wa juu wa Rukwa, si nchi isiyopimwa. Kati ya 1931 na 1933 Mwingereza Martin Hotine aliongoza upimaji wa meridiani ya 30 upande huu wa magharibi wa Tanganyika, akipanga pembetatu kutoka kilele hadi kilele, kuanzia mpaka wa Rhodesia Kaskazini hadi Urundi. Mlolongo huo wa vipimo ulichangia kuzaa mfumo wa Arc 1960, unaotumiwa na ramani za karatasi za 1:50,000. Nyingi ya ramani hizo zilichorwa kwa picha za anga na Directorate of Overseas Surveys, ofisi ya Uingereza ambayo Hotine huyohuyo alikuwa mkurugenzi wake wa kwanza tangu 1946.

Mpima wa leo akiipata karatasi hiyo, kazi ndiyo kwanza inaanza. Anaiskani, anaifunga kwenye viwianishi, kisha anafuatisha mito na barabara kwa mkono, mstari kwa mstari. Simu yake inatumia mfumo wa WGS84. Akichukua kipimo mlangoni pa ghala na kukiweka juu ya karatasi bila kukibadilisha, ghala linahama karibu mita 300, umbali unaotosha kulivusha mpaka wa kijiji. Tena karatasi zilizotokana na picha za kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 zinaonyesha makazi ambayo watu walishahamishwa. Mteja analipia siku zote hizo za kazi, na mwakani mteja mwingine atamlipa mpima mwingine afanye yaleyale.

Lakini hasara kubwa zaidi iko kwenye majina. Sensa ya 2002 iliipa Rukwa watu zaidi ya milioni 1.1. Sensa ya 2012 ikaipa 1,004,539. Mwekezaji anayesoma majedwali hayo mawili akiwa Dar es Salaam anaweza kuamini kwamba soko la Rukwa lilisinyaa kwa miaka kumi. Halikusinyaa hata kidogo: Mpanda iliondoka, ikawa sehemu ya Mkoa mpya wa Katavi uliozaliwa 2012, mwaka uleule Wilaya ya Kalambo ilipomegwa kutoka Sumbawanga. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,540,519 ndani ya Rukwa iliyobaki. Jina ni lilelile, eneo ni lingine, na hakuna kitu ndani ya jedwali kinachoiambia kompyuta hivyo.

Orodha ya vituo vya maji iliyotolewa hadharani na Wizara ya Maji ina ugonjwa huohuo. Ni kazi ya kusifiwa, na sehemu yake imetumiwa na wataalamu wa takwimu duniani kote kubashiri pampu zipi zitaharibika. Ila ndani yake Mpanda bado iko Rukwa, na majina ya mikoa 21 yanabeba namba za mikoa 27. Katika sehemu hiyo iliyosambaa, yenye vituo 59,400, zaidi ya 1,800 vya Mwanza na Shinyanga vina longitudo ya sifuri, yaani kwenye ramani viko baharini, Ghuba ya Guinea. Kosa la namna hiyo hudumu kwa sababu kijiji cha kituo cha maji kimeandikwa kwa jina tu, bila kitambulisho kinachojulikana na kila ofisi.

Dawa yake inaitwa data huria zilizounganishwa. Kila kijiji, kata, mto na barabara hupewa anwani yake ya kudumu kwenye intaneti, na kila taarifa huandikwa kama sentensi fupi ambayo kompyuta inaisoma: kituo hiki kimo katika kijiji hiki, kijiji hiki kilikuwa katika wilaya ile hadi 2012, sasa kimo katika wilaya hii. Ofisi ya maji haihitaji kuchora mipaka, inataja tu anwani ya kijiji. Ofisi ya takwimu inataja anwani hiyohiyo, na mtu wa tatu, mwenye malori, anaziunganisha bila kuomba kibali. Kata ya Majengo ya Sumbawanga haichanganywi na kata ya Majengo ya Dodoma.

Uingereza ilifanya hivyo Aprili 2010, pale Ordnance Survey, wakala wa ramani ambako Hotine aliongoza upimaji mpya wa nchi yake baada ya kutoka kwetu, ulipofungua sehemu ya data zake. Majina ya mahali, mipaka ya kiutawala na misimbo ya posta vilitolewa bure, na baadhi vikawekwa kwa mfumo huo wa kuunganishwa. Serikali ndiyo iliyobeba gharama, kama inavyobeba za barabara.

Tanzania ina vipande vingi tayari. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imewahi kutoa mipaka ya kata ya Sensa ya 2012 kwa mafaili ya kupakua. Tume ya Madini inaonyesha leseni kwenye ramani ya mtandaoni. Ramani Huria ilianza Dar es Salaam 2015, na mwaka uliofuata Zanzibar ikaanza kujipiga picha kwa droni. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 iliweka namba kwenye nyumba na kutumia postikodi za tarakimu tano. Lakini vipande hivi havitajani. Na tulipojitoa 2017 kwenye mpango wa kimataifa wa serikali wazi, tuliojiunga nao 2011, tulijinyima msukumo mzuri. Pengo hilo wengine wanalijaza: vijiji na milima ya Ufipa vina vitambulisho tayari kwenye GeoNames na Wikidata, hifadhidata zinazosimamiwa kutoka nje. Si haki ofisi yetu ya upimaji na ramani iwe msomaji wa majina ya nchi yake.

Zipo hofu za kweli. Hati za watu binafsi hazipaswi kuwekwa hadharani, na hakuna anayeziomba. Mipaka yenye mgogoro, hasa Bonde la Rukwa wanakogombana wakulima na wafugaji, itolewe ikiwa na maelezo wazi kwamba haijakubaliwa, kwa kuwa kuificha hakujawahi kuumaliza ugomvi. Mapato ya kuuza karatasi yatapungua, nayo ni madogo mbele ya siku za kazi zinazorudiwa na kila kampuni.

Mkoa mmoja unatosha kuanzia. Majina ya vijiji na kata za Rukwa yamo katika matangazo ya serikali, yanasubiri kupewa anwani na tarehe. Anwani hizo zisibebe jina la wizara, kwani wizara hubadilishwa majina, wala zisiwe na jina la wilaya au mkoa ndani yake. Kijiji kilichopewa anwani kikiwa Sumbawanga kinapaswa kubaki nayo hata kikihamishiwa Kalambo.