Mzamiaji na Jaketi Lake la Kuelea

Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya Mv Bukoba ilipinduka katika Ziwa Viktoria, karibu na Mwanza. Kwa saa kadhaa iliendelea kuelea kichwa chini kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani yake. Ilipotobolewa ili waliomo waokolewe, hewa ile ikatoka na meli ikazama. Mamia ya watu walipoteza maisha. Msiba huo ulidhihirisha jambo ambalo kila askari wa majini hana budi kulizingatia: hewa iliyofungiwa ni uhai, na tundu moja laweza kuwa mauti.

Jambo hilo linamhusu hasa mzamiaji. Jaketi lake la kuelea ni mfuko wa hewa uliounganishwa na mtungi kwa mpira. Abonyezapo kitufe kimoja, hewa huingia naye hupanda. Abonyezapo kingine, hewa hutoka naye hushuka. Ikumbukwe kwamba hewa hutanuka kadiri mzamiaji anavyopanda. Lita 5 zilizomo jaketini katika kina cha mita 20 huwa takriban lita 15 afikapo juu. Kwa hiyo kitufe kikikwama kwa mchanga, jaketi hujaa na kumrusha juu kwa kasi. Akiwa amezuia pumzi, mapafu yake yaweza kupasuka. Na naitrojeni iliyoyeyuka mwilini yaweza kufanya mapovu yenye kulemaza au kuua.

Nchini Malawi, wanamaji wana kituo chao Monkey Bay, ziwani. Lakini kifaa kikiharibika, kishawishi cha kukimbilia fundi wa karibu ni kikubwa. Kuanzia Lilongwe hadi Madisi na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mafundi wa baiskeli hawakosekani, na kiraka chao hushika barabara kwenye mpira wa gurudumu. Hata hivyo, mifuko mingi ya majaketi haya ni ya nailoni iliyopakwa plastiki, na gundi ya baiskeli haishikamani nayo ipasavyo. Kiraka huonekana kizima nchi kavu, kisha kikabanduka majini.

Zipo kazi ambazo mzamiaji aweza kuzifanya mwenyewe. Baada ya kila safari alioshe jaketi nje na ndani kwa maji safi, ili kuondoa mchanga na uchafu. Kisha alijaze hewa na kuliacha usiku kucha. Likinywea, apake povu la sabuni kwenye mishono na vali. Mapovu yatamwonyesha palipovuja. Tundu dogo la mfuko laweza kuzibwa kwa gundi iliyotengenezwa mahususi kwa kitambaa hicho, iachwe ikauke kabisa, na jaribio lirudiwe. Lakini kitufe kinachokwama, vali ya usalama na mshono uliofumuka ni kazi ya fundi aliyefunzwa, kwa vipuri halisi. Grisi ya gari isitumike kamwe, kwani huharibu sehemu za mpira.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Askari anayetoa taarifa ya jaketi bovu kabla ya kuzama hakwepi kazi. Anamlinda mwenzake ambaye angelazimika kumfuata chini, na anawalinda raia wanaongojea kuokolewa. Mkuu wa kikosi naye hana budi kuipokea taarifa hiyo kwa shukrani, na kuliweka jaketi hilo kando mpaka litengenezwe.