Si Kila Kikohozi ni Kifua Kikuu: Nokadia kwa Aliyepandikizwa Figo

Tuchukulie mfano wa mkulima wa bustani, mkazi wa Maili Moja, Kibaha, aliyepandikizwa figo miaka miwili iliyopita. Anakohoa kwa wiki ya tatu, ana homa za jioni na amepungua uzito. Picha ya kifua inaonyesha vivimbe, kimoja kikiwa na uwazi katikati. Kipimo cha GeneXpert hakikuona kifua kikuu. Je, aanzishiwe dawa za kifua kikuu kwa dalili pekee?

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwaka 2017. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Waliopandikizwa huko, na waliopandikizwa India, wanaishi mitaani mwetu. Wakikohoa, huanzia kituo kilicho karibu.

Nokadia ni bakteria wa udongoni aliyeelezwa mwaka 1888 na daktari wa mifugo Mfaransa, Edmond Nocard. Huvutwa pamoja na vumbi. Kinga timamu humdhibiti, lakini dawa zinazozuia mwili kuikataa figo humpa nafasi. Kwa hadubini huonekana kama nyuzi zenye matawi, na kwa kuwa hushika kiasi rangi ya kifua kikuu, huweza kudhaniwa ndicho.

Kosa hapa lina madhara mawili. Dawa za kawaida za kifua kikuu si tiba ya Nokadia, naye huweza kupita katika damu hadi ubongoni na kusababisha jipu. Aidha, rifampisini hushusha kiwango cha takrolimasi mwilini. Kisiporekebishwa, figo huweza kukataliwa.

Mhudumu wa afya, usikipuuze kifua kikuu, kwani nacho huwapata wagonjwa hawa. Ila peleka pia makohozi yaoteshwe, na uandike kwenye fomu kwamba mgonjwa amepandikizwa figo na Nokadia atafutwe, kwa sababu hukua polepole. Wasiliana na kliniki ya upandikizaji kabla ya kuanzisha rifampisini. Nokadia akithibitika, ubongo upigwe picha hata kama kichwa hakiumi. Tiba kuu ni ko-trimoksazoli, pamoja na dawa nyingine ugonjwa ukiwa mkali, mara nyingi kwa miezi 6 hadi 12, huku potasiamu na utendaji wa figo vikipimwa.

Nawe mgonjwa, vaa barakoa unapolima au kugeuza mbolea. Ukikohoa, taja upandikizaji wako mapema na uonyeshe dawa unazotumia. Usiziache bila ushauri wa daktari wako.