Trela ya Gurudumu la Tano Katika Majira ya Baridi: Familia Ichague kwa Kutazama Nini?

Miongoni mwa makazi yanayovutwa barabarani huko Marekani na Kanada, trela ya gurudumu la tano ndiyo inayokaribia nyumba ya kawaida kuliko nyingine zote, kwa sababu sehemu yake ya mbele huinuka na kukaa juu ya bodi ya pikapu, na pini yake ikafungwa katika sahani ya chuma iliyo juu ya ekseli ya nyuma, badala ya trela kunasa kwenye ndoano nyuma ya bampa. Sahani hiyo ndiyo iitwayo gurudumu la tano, na ni ileile inayounganisha vichwa vya malori na semitrela zinazotoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam kwenda Uganda, Rwanda na Kongo. Kwa kuwa mzigo umelala juu ya ekseli, trela hutulia hata ikiwa na urefu wa mita 11 hadi 13, na hivyo hupatikana nafasi ya chumba cha wazazi mbele na chumba cha watoto chenye vitanda vya deka nyuma.

Familia inayokusudia kuishi humo mwaka mzima katika nchi ya theluji huvutiwa kwanza na jiko, makochi na kabati, ilhali kinachoamua kama itavuka Januari kwa usalama ni maji: yale yaliyomo katika mabomba na matangi chini ya sakafu, na yale yasiyoonekana yaliyomo hewani ndani ya nyumba.

Jambo hili lilidhihirika katika jimbo la North Dakota wakati wa neema ya mafuta ya eneo la Bakken, takriban kati ya mwaka 2008 na 2014, pale wafanyakazi wengi, baadhi yao wakiwa na wake na watoto, walipofika mji wa Williston wakakosa nyumba, wakalazimika kuishi katika trela zilizoundwa kwa mapumziko ya kiangazi. Huko halijoto ya usiku wa Januari huwa kwa kawaida zaidi ya nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri, na katika siku mbaya hufikia nyuzi 30 chini ya sifuri. Wakazi walizungushia trela zao plaiwudi, mbao za povu gumu na hata marobota ya majani makavu ili upepo usipite chini, na mwaka 2012 mji huo ulipiga marufuku kuishi katika trela za namna hiyo ndani ya mipaka yake.

Kwa hiyo ukaguzi unaofaa huanzia chini ya trela. Kila trela ya kuishi ina matangi ya aina tatu, yaani la maji safi, la maji yaliyotumika jikoni na bafuni, na la choo. Katika trela za bei nafuu matangi haya hukaa wazi chini ya fremu, na katika zilizo bora hufunikwa na bamba ili kati ya bamba hilo na sakafu ipatikane nafasi inayopashwa joto. Mnunuzi asiridhike na maelezo kwamba sehemu ya chini imefungwa, bali aulize kama bomba la hewa ya moto linafunguka hasa katika nafasi hiyo, au kama joto linatarajiwa tu kupenya kutoka sakafuni. Aulize pia vali za kumwagia majitaka ziko wapi, kwa maana tangi laweza kuwa na joto la kutosha huku vali yake, iliyoachwa nje ya bamba, ikiganda isiweze kufunguka. Familia ya watu watano hujaza tangi la choo kwa siku chache, na tangi lisilomwagika humaanisha choo kisichotumika. Bamba likiweza kufunguliwa wakati wa ukaguzi, na lifunguliwe.

Kuhusu kuta, kipimo kinachotumika Marekani ni thamani ya R, ambayo kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo kihami, yaani tabaka la kuzuia joto lisipite, kinavyofanya kazi vizuri zaidi. Inchi 2 za povu gumu la polistireni la daraja la juu hutoa takriban 10, lakini ukuta mzima haufikii kiasi hicho ikiwa nguzo zake ni za alumini, kwa kuwa alumini hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko mbao na hivyo kila nguzo huwa njia ya joto kutoroka. Maneno “misimu minne” yanayobandikwa ubavuni mwa trela nyingi hayana kipimo kimoja kilichowekwa kisheria, na kila kiwanda hujiamulia maana yake. Hii ni kasoro kubwa katika biashara inayouzia watu mahali pa kulaza watoto.

Mashine ya kupasha joto huchoma gesi ya propani, na yenye nguvu ya kilowati 10, ambayo ni ya kawaida katika trela za ukubwa huu, humaliza mtungi wa kilo 13.6 kwa takriban saa 18 ikiwaka mfululizo. Kwa sababu hiyo, wanaokaa mahali pamoja kipindi chote cha baridi hukodi tangi kubwa la gesi. Wapo wanaojaribu kupunguza gharama kwa vipasha joto vya umeme, kila kimoja kikiwa na kilowati 1.5, na hapo ndipo hatari isiyotarajiwa hujitokeza: chumba kikishapata joto la umeme, mashine ya gesi hunyamaza, hewa ya moto ikaacha kwenda chini ya sakafu, na mabomba yakaganda huku wenyeji wakijiona wako salama.

Unyevu nao unastahili uzito uleule. Kila kilo ya propani inayoungua katika jiko hutoa zaidi ya kilo 1.6 za maji kwa umbo la mvuke, na pumzi za watu wanaolala huongeza juu yake. Mvuke huo ukigusa kioo baridi, pembe ya kabati au ukuta ulio kando ya godoro, hugeuka matone, na mahali penye matone huota kuvu ambayo hudhuru vifua vya watoto. Madirisha ya vioo viwili, feni ya jikoni inayotoa hewa nje kwelikweli, nafasi ya hewa chini ya magodoro na mahali pa kuweka mashine ya kukausha hewa ni mambo ya lazima. Kengele ya kutambua kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu isiyo na harufu, nayo ijaribiwe papo hapo. Vyumba vya kusukuma nje, ambavyo huongeza upana trela ikishaegeshwa, vitazamwe kwa tahadhari, kwani sakafu zake huning'inia hewani na mara nyingi hazifikiwi na mabomba ya hewa ya moto; kitanda cha mtoto kisiwekwe humo.

Yote haya yana uzito wake. Asilimia 20 hadi 25 ya uzito wa trela hubebwa na pikapu, maana yake trela ya kilo 6,500 huweka kilo 1,300 au zaidi juu ya gari, na pikapu nyingi hazikuundwa kwa mzigo huo. Inafaa trela ichaguliwe kwanza, kisha gari.

Dhamana za viwanda vingi hukoma trela inapogeuzwa makazi ya kudumu, na viwanja vingi vya kuegesha hufunga maji kuanzia vuli. Familia yenye watoto wa shule yapaswa kupata majibu ya maandishi juu ya mambo hayo mawili kabla ya Septemba, kwa sababu kuhama Januari, vyumba vya kusukuma vikiwa vimegandishwa na barafu na barabara zikiteleza, ni kazi nzito kuliko ununuzi wenyewe.