Kifafa, Kipato na Dawa Isiyokatizwa

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Si laana, wala hakiambukizwi kwa mate, povu au kumgusa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi nacho, na karibu asilimia 80 kati yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila degedege iwapo wangepimwa na kutibiwa ipasavyo.

Umaskini huchangia tangu mwanzo. Malaria kali, uzazi usio na mkunga stadi, na tegu wa nguruwe aeneaye pasipo vyoo huweza kujeruhi ubongo. Huko Mahenge, wilayani Ulanga, ambako kifafa kimeenea kupita kawaida, wataalamu wanakihusisha na usubi, ugonjwa uenezwao na inzi wazaliao kwenye mito iendayo kasi.

Baada ya hapo huja gharama. Fenobabito ni miongoni mwa dawa za bei nafuu, lakini bei ya vidonge si gharama yote: ipo nauli, na ipo siku ya kibarua inayopotea kwa mgonjwa na msindikizaji wake. Dozi ikikatizwa ghafla, degedege huweza kurudi mfululizo na kuua. Mgonjwa akiangukia mafiga huungua, hukosa kazi, na fedha ya dozi ijayo haipatikani. Wanaoogopa povu huchelewa kumwokoa; hofu hiyo hiyo humwondoa mtoto shuleni.

Kwa hiyo tunawashauri watumiaji:

1. Nunua dawa kwa cheti cha daktari katika famasi iliyosajiliwa. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi na udai risiti.

2. Usipunguze vidonge ili vidumu. Fedha ikipungua, mweleze mtoa huduma kabla dawa haijakwisha. Huenda ipo iliyosajiliwa ya bei nafuu zaidi.

3. Mwanamke anayetarajia kupata mimba amwone daktari mapema, kwa kuwa valproeti huweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

4. Ukiona madhara, au ukishuku kuwa dawa ni bandia, itunze pamoja na pakiti yake na utupe taarifa. Taarifa hiyo hutuwezesha kuiondoa sokoni dawa mbovu kabla haijamfikia mgonjwa mwingine.