"Mvutano wa Uso", si "Ngozi ya Maji"

Baadhi ya wafasiri huandika kuwa mdudu atembeaye juu ya maji hukanyaga "ngozi ya maji". Istilahi hiyo yapotosha: ngozi ni kitu mbali kifunikacho mwili, ilhali hapa hakuna ila maji yale yale. Molekuli za juu, kwa kukosa jirani upande wa hewa, huvutwa na za kando na za chini, uso ukakazika. Kani hiyo, takriban milinyutoni 72 kwa mita katika nyuzijoto 25, yatosha kumbeba mdudu mwepesi ambaye miguu yake yenye vinyweleo hailowi. Uso hubonyea tu. Twapendekeza "mvutano wa uso".

Wala asiandikwe kuwa "anaelea". Mwalimu na alaze sindano juu ya maji, kisha adondoshe sabuni: mvutano hupungua, sindano ikazama. Gogo lielealo halijali sabuni.